Soya mbichi, soya iliyoungua, na ile ya katikati

Mama jirani yangu hapa Ganda, nje kidogo ya Malindi, aliniita juzi nimwangalilie vifaranga wake. Wana wiki tano, wanakula kama wana deni, maji wanakunywa, macho maangavu, hawakohoi, lakini ukimshika mmoja mkononi ni mifupa mitupu na hata manyoya hayajajaa. Akaniambia, "Mwanangu, hawa nawapa soya, si pumba, soya yenyewe hasa, mbona hawanoni?" Nikamuuliza mama hiyo soya imekaangwa? Akasema eeh, dukani walimuuzia ishachomwa tayari. Nikachota punje nikaipasua kwa meno. Ganda la nje kahawia nzuri kabisa inapendeza, ndani kweupe kwa ukijani na ladha ya kunde mbichi iliyotoka shambani asubuhi. Hiyo soya ilikuwa imevalishwa kanzu tu, mwili wenyewe haujaoga.

Sasa kwa sababu hili swali naulizwa sana, na mwenyewe nilishapoteza kundi zima la vifaranga nikidhani ni ugonjwa, acha nilifungue polepole. Manake huku kuna maneno matatu yanazunguka na yote yana ukweli nusu: kwamba soya mbichi ni sumu, kwamba kukaanga ni kuipa harufu kuku waipende, na kwamba ukiikaanga mpaka iwe nyeusi ndo salama zaidi. Hili la tatu ndo linalotia watu hasara kimya kimya kuliko yote.

Tuanze na hiyo "sumu". Soya ina protini nyingi, kama asilimia 36 mpaka 40, na mafuta karibu asilimia 18 mpaka 20, hakuna nafaka ya kuikaribia. Lakini protini kuku haimezi ikaingia mwilini vile ilivyo, lazima ikatwekatwe iwe vipande vidogo kwanza. Mwenye kazi hiyo ni kimeng'enya kinaitwa tripsini, kinatoka kwenye kongosho, ile nyama nyembamba ya rangi ya waridi iliyokaa katikati ya kipindo cha utumbo, ukichinja kuku utaiona. Tripsini ichukulie kama mkasi. Soya nayo, ili isiliwe ovyo na wadudu na wanyama, imejiwekea vitu vinavyoukamata huo mkasi na kuunata, kama ndege kwenye ulimbo. Mkasi upo, kitambaa kipo, lakini hakuna kinachokatwa, protini inapita inatoka na kinyesi. Wewe umenunua kwa bei ya protini, umepeleka mbolea shambani.

Na haiishii hapo. Mwili wa kuku ukiona tripsini haitoshi unaiamuru kongosho itoe zaidi, nayo inatoa, inanaswa, inatoa tena, mpaka kongosho inavimba. Kifaranga aliyelishwa soya mbichi muda mrefu ukimpasua utakuta kongosho yake kubwa kuliko ya mwenzake. Alafu hiyo tripsini yenyewe imetengenezwa kwa vipande vya protini vyenye salfa, ambavyo soya tangu mwanzo inavyo kidogo (methionini ndo mashuhuri), na ndivyo hivyo hivyo vinavyojenga manyoya. Kwa hivo kifaranga anatumia akiba ya manyoya kutengenezea mikasi inayotupwa. Ndo pale unapomuona ana wiki tano na mgongo uko wazi.

Kuna kitu kingine kinaitwa lektini nacho kinashikashika kuta za utumbo, lakini hicho moto ukikifikia vizuri kinakwisha, sitakaa nacho.

Hii habari si ya juzi. Mwaka 1917 wataalamu wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, waliwalisha panya soya mbichi wakadumaa, wakawalisha iliyopikwa wakakua. Sababu haikujulikana vizuri mpaka miaka ya 1940 ambapo mtaalamu mwingine, Kunitz, aliichambua ile protini inayozuia tripsini akaitenga peke yake, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hivo si sumu ya kumuangusha kuku leo leo, ndo maana watu wanabisha, "mbona wangu wanakula mbichi na hawafi?" Hawafi. Hawakui tu, na chakula unaendelea kununua.

Sasa moto unafanya nini. Ule ulimbo wenyewe ni protini, umekunjwa kwa namna yake, na nguvu zake zote ziko kwenye hiyo mikunjo. Moto ukiingia mikunjo inafunguka, haunati tena. Ziko aina mbili kubwa, moja inalegea upesi, nyingine ngumu kwa sababu imejifunga kwa vifundo vya salfa, hiyo inataka muda. Ndo maana kuipitisha soya motoni dakika tano mpaka inukie hakutoshi, harufu inatangulia kabla kazi haijaisha.

Na ukizidisha? Hapa ndo kwenye hasara ya kimya. Soya ina sukari kidogo ndani, na moto ukiwa mkali au ukikaa sana, sukari inashikana na kipande cha protini kinachoitwa laisini. Ni jambo lile lile linaloufanya mkate uwe kahawia juu, linaitwa Maillard kwa jina la Mfaransa aliyelieleza. Kwa mkate ni utamu, kwa chakula cha kuku ni wizi, manake laisini ikishafungwa hivo kuku hawezi kuifungua, na laisini ndo sababu kubwa ya kununua soya, mahindi hayana ya kutosha. Kibaya zaidi ukiipeleka maabara wakapima protini kwa jumla, namba inatoka ile ile! Karatasi inasema asilimia 38, kuku anasema hakuna kitu. Kwa hivo soya usiikaange kama buni ya kahawa chungu. Yule muuza kahawa wa pale mjini anataka weusi na ukakasi, wewe unataka rangi ya ndani iwe kama samli, uishie hapo.

Namba zenyewe: kwa kuku, punje yenyewe, si karai, inatakiwa ifike joto la nyuzi kama 115 mpaka 125 hivi kisha likae kidogo humo. Karai juu ya moto linaweza kuwa nyuzi 200 na zaidi, ndo pale ganda linapoungua ndani kukiwa bado. Yule aliyemuuzia mama jirani nadhani ndo alivyofanya, moto mkubwa, haraka, rangi ikaja, akatia guniani. Rangi ya ganda ni muongo, nimesema.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba maji yanasaidia. Moto wenye unyevu unaufungua ule ulimbo upesi kuliko moto mkavu. Soya iliyokauka sana ikapiga kelele kama kokoto ni ngumu kuikaanga vizuri, inaungua kabla haijaiva. Mimi kwa kila kilo tano nanyunyiza kikombe kimoja cha maji, nachanganya, nafunika nusu saa yanywewe ndani, ndo naiweka motoni.

Na ninavyokaanga ni kwa mchanga, kama wakaangaji njugu. Mchanga mnene wa mto, huu wetu wa Sabaki mzuri, nauosha mpaka maji yatoke meupe, naukausha, nauchekecha nibakishe chembe zinazolingana. Mchanga wa pwani tuuache ufukweni, una chumvi na vipande vya kome, na kuku chumvi ikizidi anaharisha. Karai kubwa, mchanga ndoo moja kwa nusu ndoo ya soya, mchanga unatangulia kupata moto peke yake mpaka ukitupia punje moja ianze kutikisika. Kuni natumia makumbi ya nazi na vijiti, makumbi yanafuka taratibu moto unakaa sawa. Vifuu vinawaka kwa hasira, ukitaka kuunguza tumia vifuu. Mwiko wa mbao mrefu, na usiondoke. Simu ikilia iache. Mwanzo kuna mvuke na ile harufu ya majani, alafu mvuke unapungua, maganda yanaanza kupasuka tap tap, na kama dakika 15 mpaka 20 kwangu mimi harufu inageuka kuwa ya njugu. Hapo natoa punje moja, naipuliza, naipasua. Ikivunjika kwa mlio, na ndani rangi ni moja mpaka katikati bila ukijani, imefika. Ikiwa katikati kuna kidoa cheupe kibichi, bado. Ikiwa kahawia mpaka ndani, pole.

Naimwaga kwenye chekeche mchanga unashuka, soya inabaki, na hapa kuna siri ndogo: naifunika ikiwa moto vile vile kwenye gunia kavu kama dakika 20, ule moto wa nje unaingia ndani unamalizia kazi bila kuunguza. Baada ya hapo LAZIMA uitandaze kwenye jamvi ipoe kabisa. Ukiisahau guniani itatoa jasho, na jasho la Malindi mnalijua, kesho kutwa ukungu. Pia gunia la soya ya moto linaweza kufuka pole pole ndani ukadhani limezima kumbe linakula, usiliweke karibu na makuti ya paa.

Asiye na subira ya karai achemshe. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha nusu saa kamili tangu maji yaanze kutokota, anika. Kuondoa ule ulimbo hii ni njia ya uhakika kuliko hata kukaanga, na kuunguza haiwezekani. Tabu yake ni kuanika, wakati wa kaskazi jua kali inakauka vizuri, lakini masika ya Aprili na Mei utaigeuza siku tatu na bado inanata, mwisho ukungu. Na soya yenye ukungu usidhani moto utaitakasa, ile sumu ya ukungu ya aflatoksini haiondoki kwa kukaanga kwa karai.

Utajuaje sasa kama imeiva kweli, mbali na kuuma? Viwandani wanapima kitu kinaitwa urease. Ni kimeng'enya kingine ndani ya soya, hakimdhuru kuku lakini kinakufa kwa moto karibu sawa na ule ulimbo, kwa hivo wanakitumia kama shahidi, yeye akifa wanajua na mwenzake kafa. Kazi yake ni kuvunja urea kutoa amonia. Na amonia tunaweza kuikamata jikoni kwa bizari ya manjano! Mnajua nguo iliyomwagikiwa mchuzi wa manjano ukiipaka sabuni doa linakuwa jekundu, ni kwa sababu manjano hugeuka rangi ikikutana na kitu chenye ualkali, na amonia ni ya ukoo huo. Basi nilimfanyia mama jirani pale pale uani. Nilikata vipande vya karatasi nyeupe nikavichovya kwenye manjano na maji, vikakauka. Nikachukua vikombe viwili, kimoja soya mbichi iliyotwangwa kijiko kimoja, kingine ile yake "iliyochomwa" imetwangwa vile vile, maji vuguvugu, na mbolea ya urea nusu kijiko kila kikombe, nikafunika kwa visahani. Nusu saa. Cha kwanza kilitoa harufu ya msala wa mbuzi, karatasi ikachovywa ikawa nyekundu ya matofali. Cha pili, cha dukani, nacho kikawa chekundu, kidogo tu kimepungua. Mama akanitazama. "Kwa hivo nililipia rangi?"

Tuliikaanga upya, tumeinyunyizia maji kwanza, tukaipima tena, karatasi ikabaki manjano na wekundu wa kuonea shaka pembeni. Kipimo hiki hakikupi namba, kinakuonyesha tofauti tu, kwa hivo kila mara weka na kikombe cha mbichi pembeni cha kulinganishia. Alafu kinashika mbichi peke yake, iliyoungua hakiwezi kuitambua, hiyo ni macho na meno. Vile vikombe mwaga mbali na ng'ombe na mbuzi, urea ikizidi inaua.

Na nikishataja ng'ombe, wao mambo yao ni mengine kabisa na ndo watu wanachanganya. Ng'ombe na mbuzi wakubwa wana tumbo la kwanza lenye vijidudu mamilioni, vile vijidudu vinauvunja ule ulimbo kabla haujafika kwenye utumbo. Kwa hivo ng'ombe mzima anaweza kula soya mbichi kiasi na asidhurike. Ndama na mwanambuzi anayenyonya bado, hapana, tumbo lile halijaamka, yeye muhesabu kama kuku. Hatari ya soya mbichi kwa ng'ombe iko kwa yule anayetumia urea kwenye majani makavu au matofali ya kulamba, ile urease niliyoieleza itavunja urea yote kwa mkupuo tumboni, amonia inamiminika kwenye damu, mnyama anatetemeka anaanguka. Soya mbichi na urea havikai sahani moja.

Kwa nini basi kuna watu wanamkaangia ng'ombe wa maziwa? Kwa sababu nyingine kabisa: vile vijidudu vinaila protini nzuri ya soya kabla ng'ombe mwenyewe hajaipata. Ukiikaanga zaidi, huko Marekani wanaifikisha nyuzi kama 146 kisha wanaifunika ikiwa moto nusu saa, inakuwa ngumu kwa vijidudu, inapita salama, ng'ombe anaichukua mbele kwenye utumbo. Umeona? Kilichozidi kwa kuku ndo kinachotakiwa kwa ng'ombe. Ukisikia mtu amesoma joto fulani mahali, muulize kwanza la nani. Na usimjazie, yale mafuta yakizidi yanavuruga tumbo linalosaga majani, kwa ng'ombe wetu wa lita tano sita, nusu kilo mpaka kilo moja kwa siku yatosha, iliyopasuliwa vipande, isiwe unga.

Ndugu zangu wa Lamu wataniuliza punda. Punda hana lile tumbo la kwanza, vijidudu vyake viko nyuma, kwa hivo soya mbichi itamsumbua. Lakini kusema kweli punda wa kubeba mchanga na matofali anataka majani na kupumzishwa, soya muachie kuku.

Bado kuna fumbo la mashudu. Yale mashudu ya soya ya kiwandani, yaliyokamuliwa mafuta, protini yake kama asilimia 44 mpaka 48, yameshapitishwa motoni kwenye kule kukamua. Usiyakaange tena! Nimewaona watu wanafanya hivyo kwa nia njema na wanaiunguza laisini waliyoilipia. Lakini yale yaliyokamuliwa na kamashine kadogo ka mtaani mengine joto halikutosha, hayo yapime kwa manjano kwanza. Na machicha ya nazi watu wanauliza, hayo hayana shida ya ulimbo, ila laisini ni haba na makapi ni mengi, ni ya kujazia, kwa soya hayafui dafu.

Kuchanganya kwa kuku wa mayai, hesabu yangu nyepesi: mahindi protini asilimia 8 na nusu, soya iliyokaangwa 38, unataka 16 na nusu. Ukiwa na hivo viwili tu, soya inakuja kama kilo 27 na mahindi 73 kwa kila 100. Lakini kuku wa mayai anataka na kalisi, kama kilo 8 au 9 za chaza au kome waliotwangwa humo humo kwenye 100, na soya robo nzima mafuta yanakuwa mengi, kwa hivo mimi nashusha soya mpaka 18 hivi naongeza omena au dagaa kilo 5, hao ndo wanaoleta na ile methionini iliyopungua. Dagaa wakizidi mayai yatanuka pwani, wateja watakurudishia.

Kusaga ndo mahali nilipogombezwa. Soya ina mafuta, ukiipeleka peke yake kwenye mashine ya posho inaziba chekeche inageuka uji, mwenye mashine alinifukuza mbele za watu na alikuwa na haki. Changanya na mahindi kwanza, punje kwa punje, ndo usage. Na saga ya wiki mbili tu, punje nzima inakaa miezi lakini unga wake ule mafuta yanavunda upesi na joto hili letu, utasikia harufu ya nazi ya kale.

Mwisho wa hesabu, gunia. Soya ya kilo 90 yenye unyevu asilimia 12 ikikaangwa mpaka ubaki 5, inapungua kilo 6 na nusu hivi, zinabaki kama 83. Bado hujaweka kuni na mtu wa kushika mwiko. Ndo nikamwambia mama jirani, huyo anayekuuzia iliyokaangwa kwa bei ile ile ya mbichi, kilo kwa kilo, usimuulize bei tena, mwombe punje moja uipasue. Jana alikwenda na karatasi zake za manjano ndani ya mkoba wa leso.